Damu "pungufu" ya Mwafrika: historia ya protini moja na swichi iliyozimwa

SEHEMU YA 1: Karatasi ya maabara

Zamu zilinibana, ndiyo maana mliniona kimya. Leo naanza mfululizo wa sehemu nane. Ni historia, lakini ni historia inayotembea ndani ya mishipa yako sasa hivi wakati unasoma. Vuta kiti.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahudumia wagonjwa wa saratani. Alikuwepo mama mmoja, mtu mzima, amesafiri usiku kucha kwa basi kuja kupata kemo yake ya kwanza. Tukamtoa damu, tukapima picha kamili ya damu, ile FBP mnayoijua. Majibu yakarudi na alama ya mshale unaoangalia chini: nyutrofili 1,300. Karatasi inasema kawaida inaanzia kwenye 2,000. Kemo ikaahirishwa wiki moja. Akarudi: 1,200. Ikaahirishwa tena. Mara ya tatu: 1,350. Ikaahirishwa.

Mimi ndiye niliyemwambia arudi nyumbani. Nikamshika bega nikamwambia, "Mama, kale matembele, kunywa juisi ya rosela, damu itapanda." Akaniitikia, "Asante mwanangu." Akaenda. Uvimbe ulibaki naye, na nauli aliikopa.

Jamani, rosela haipandishi nyutrofili. Na mama yule hakuwa na upungufu wowote. Ile 1,300 ilikuwa damu yake ya siku zote, aliyozaliwa nayo, aliyobebea mimba na kulimia shamba. Sikulijua hilo. Siku hizo sikufundishwa, na wengi wetu hatukufundishwa.

Kwanza tuelewane kuhusu nyutrofili. Damu yako ina seli nyekundu zinazobeba oksijeni, na seli nyeupe ambazo ni askari. Askari hao wana vikosi mbalimbali. Nyutrofili ni kikosi cha haraka: bakteria wakiingia kwenye kidonda, hawa ndio wanafika mwanzo, wanawameza, na wao wenyewe wanakufa hapo hapo. Usaha unaouona kwenye jipu, sehemu kubwa ni maiti zao. Uboho wa mifupa yako unatengeneza mabilioni kwa mabilioni ya nyutrofili kila siku, na kila moja inakaa kwenye damu kwa saa chache tu.

Na hapa niwatoe hofu moja ya mtaani. Nyutrofili siyo CD4. CD4 ni kikosi kingine kabisa, na ndicho kinachoshambuliwa na VVU. Ukiambiwa nyutrofili zako ziko chini, hiyo peke yake siyo habari ya UKIMWI. Nimeona ndoa ikitikisika kwa kuchanganya vitu hivi viwili.

Swali la mfululizo huu ni moja: nani alisema kawaida inaanzia 2,000, na alipima damu ya nani?

SEHEMU YA 2: "Kawaida" ya nani?

Watu wengi wanadhani namba iliyoandikwa pembeni ya majibu yako imeshuka kutoka mbinguni. Hapana. Maabara inachukua watu wazima wenye afya, inawapima, inapanga majibu kutoka dogo hadi kubwa, inakata wachache wa chini kabisa na wachache wa juu kabisa. Wanaobaki katikati ndio "kawaida". Kwa hiyo kawaida ni watu. Ukibadilisha watu waliopimwa, kawaida nayo inabadilika.

Viwango vilivyosambaa duniani karne ya 20 vilitokana zaidi na damu ya watu weupe wa Ulaya na Marekani. Vikaingia kwenye vitabu, vitabu vikaingia kwenye mashine, na mashine zikaja kwetu na namba zake ndani.

Dalili kwamba kuna kitu hakikai sawa zilionekana mapema. Mwaka 1941, W. H. Forbes na wenzake nchini Marekani waliandika kuhusu wafanyakazi weusi, watu wenye nguvu zao, wanaofanya kazi ngumu, lakini seli zao nyeupe zilikuwa chache kuliko za wenzao weupe. Hata hivyo jina walilolipa jambo hilo lilikuwa la ugonjwa: upungufu wa seli nyeupe. Hawakusema kwamba hawa nao wana kawaida yao.

Huku Afrika Mashariki nako lilionekana. A. G. Shaper, daktari aliyefanya kazi Makerere, Kampala, kwa miaka mingi, alipima damu za watu wa hapa na kukuta nyutrofili ziko chini. Maelezo ya wakati ule unaweza kuyabashiri: labda ni chakula chao, labda minyoo, labda malaria ya mara kwa mara, labda joto. Yaani kila kitu isipokuwa uwezekano kwamba mtu huyu ni mzima tu.

Mwaka 1971, Shaper na Lewis wakachapisha katika jarida la The Lancet hoja iliyogeuza meza: hali hii kwa watu wenye asili ya Afrika inarithiwa. Imo kwenye jeni. Lakini jeni gani? Hapo hakuna aliyejua. Jibu lilikuwa limekaa kwenye kabati la watu wengine kabisa: watu wa malaria na watu wa benki ya damu. Walikuwa hawaongei.

Basi twende kwa watu wa malaria.

SEHEMU YA 3: Malaria iliyogoma

Hii sehemu inauma kidogo, lakini historia ya tiba haichagui mazuri tu.

Kabla ya penisilini, kaswende iliyofika kwenye ubongo ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1917 daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alianza kuwaambukiza wagonjwa hao malaria makusudi. Wazo lilikuwa kwamba homa kali itapunguza nguvu za kaswende, kisha malaria itatibiwa kwa kwinini. Dunia ya wakati ule ilimpongeza mpaka ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1927. Kimelea kilichopendwa kwa kazi hiyo kilikuwa *Plasmodium vivax*, kwa sababu homa yake ni kali lakini haiui haraka kama *falciparum*, ile tunayopambana nayo sisi.

Tiba hiyo ikavuka bahari hadi Marekani. Na huko madaktari wakakutana na jambo la ajabu. Mwaka 1933, Mark Boyd na Warren Stratman-Thomas, waliokuwa wakifanya kazi hii Florida, waliripoti kwamba wagonjwa weusi wengi walikuwa wanadungwa vivax na hawaugui. Unamchoma mtu kimelea hai, unasubiri homa, homa haiji. Kimelea kinagoma.

Hebu fikiria hali ya wale wagonjwa. Watu weusi, wagonjwa wa akili, katika kusini ya Marekani ya ubaguzi. Sidhani kama kuna aliyewauliza maoni yao kwa namna tunayoelewa ridhaa leo. Miili yao ndiyo iliyoandika sentensi ya kwanza ya habari hii, lakini majina yao hayamo kwenye makala. Mimi kama nesi nikisoma makala zile, ninawaza nani alikuwa anakaa nao usiku.

Kwa hiyo ikajulikana: watu wengi wenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati wana kinga dhidi ya vivax. Kwa nini? Palikaa kimya miaka zaidi ya arobaini.

SEHEMU YA 4: Bwana Duffy na komeo la mlango

Sasa twende London, mwaka 1950. Alikuwepo mgonjwa anaitwa Bwana Duffy. Alikuwa na hemofilia, ule ugonjwa ambao damu haigandi, kwa hiyo alishaongezewa damu mara nyingi maishani. Safari hii baada ya kuongezewa, macho yakawa manjano. Wenzangu wa wodini mnajua maana yake: mwili wake ulikuwa unaziharibu seli nyekundu za mtu aliyemchangia.

Marie Cutbush, Patrick Mollison na Dorothy Parkin wakaichunguza damu yake. Wakakuta kingamwili inayoshambulia alama ambayo haikuwahi kujulikana juu ya seli nyekundu. Wakaipa alama hiyo jina la mgonjwa. Ndiyo maana hadi leo tunasema kundi la damu la Duffy. Ufupisho wake ni Fy, herufi za mwisho za jina, kwa sababu "Du" ilishatumika kwenye mambo ya Rh. Mwaka uliofuata, alama ya pili ikapatikana. Ya kwanza ikaitwa Fya, ya pili Fyb. Ikadhaniwa kila binadamu ana mojawapo au zote mbili.

Kumbe sivyo. Mwaka 1955 Ruth Sanger, Robert Race na Jack walipopima damu za watu weusi wa New York, wengi wao hawakuwa na Fya wala Fyb. Seli zao nyekundu hazikuwa na alama yoyote ya Duffy. Walikuwa na afya zao kamili. Kundi hilo likaitwa Duffy hasi.

Mwaka 1968, huko Johns Hopkins, Baltimore, mwanafunzi Roger Donahue aligundua kwamba kromosomu yake ya kwanza ina umbo lisilo la kawaida. Akafuatilia umbo hilo kwenye ukoo wake, akaona linarithiwa pamoja na kundi la Duffy. Hivyo jeni ya Duffy ikawa ya kwanza kabisa kupewa anwani kwenye kromosomu isiyo ya jinsia kwa binadamu. Tuiweke akiba, tutarudi.

Halafu akaja Louis Miller, mtafiti wa malaria. Yeye ndiye aliyefungua makabati mawili kwa siku moja. Akajiuliza: watu wasiougua vivax ni wenye asili ya Afrika, na watu wasio na Duffy ni wenye asili ya Afrika. Je, siyo jambo moja? Mwaka 1975, yeye na wenzake wakaonyesha maabara kwamba kimelea cha nyani, *Plasmodium knowlesi*, hakiwezi kuingia kwenye seli nyekundu zisizo na Duffy. Kinafika, kinagusa, kinashindwa. Mwaka 1976 wakaangalia watu 17 waliojitolea kuumwa na mbu wenye vivax, weusi 11 na weupe 6. Watano tu hawakuambukizwa damu yao. Na hao watano ndio waliokuwa Duffy hasi.

Kumbe Duffy ndiyo komeo ambalo kimelea hukishika ili kufungua mlango wa seli. Seli isiyo na komeo, mgeni anabaki nje.

Sasa swali la mtu mwenye akili: Mungu hakuweka komeo kwa ajili ya mwizi. Hiyo protini ilikuwa pale kwa kazi gani?

SEHEMU YA 5: Sifongo la damu

Jibu lilikuja mwaka 1993, wakati Richard Horuk na wenzake walipoonyesha kwamba Duffy ni kipokezi cha kemokini.

Twende taratibu hapa. Kemokini ni protini ndogo ndogo ambazo tishu hutoa zikiwa na shida. Umejikata kidole unamenya vitunguu. Seli za pale zinamwaga kemokini, na kemokini zinasambaa kama harufu ya pilau mtaani. Askari weupe wanaonusa harufu hiyo wanageuka na kuifuata mpaka jikoni. Bila kemokini, nyutrofili ingezunguka kwenye damu bila kujua aende wapi.

Vipokezi vingi vya kemokini vikikamata kemokini, vinapeleka taarifa ndani ya seli: amka, nenda. Duffy ni tofauti. Inakamata kemokini za aina nyingi, halafu inanyamaza. Haipeleki taarifa yoyote ndani. Ndiyo maana baadaye ikapewa jina la kitaalamu ACKR1, yaani kipokezi cha kemokini kisicho cha kawaida, namba moja.

Sasa kitu kinachokamata na kunyamaza kina faida gani? Juu ya seli nyekundu, ni kama sifongo. Kemokini zikizidi kwenye damu, sifongo inazifyonza, na zikipungua inaweza kuziachia. Seli nyekundu ziko nyingi mno, kwa hiyo sifongo hilo ni kubwa.

Lakini Duffy haipo kwenye seli nyekundu tu. Ipo pia kwenye seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Pale inafanya kazi nyingine: inazipitisha kemokini kutoka upande wa tishu hadi upande wa damu, inazianika juu ya ukuta ili nyutrofili inayopita izione na ishuke kituoni.

Na hapa pakatokea fumbo. Watafiti walipoangalia watu walio Duffy hasi, waliikuta protini ile ile kwenye kuta za mishipa yao, haina kasoro. Haikuwepo kwenye seli nyekundu peke yake. Mtu mmoja, jeni moja, lakini sehemu moja ya mwili ina protini na sehemu nyingine haina. Inawezekanaje?

SEHEMU YA 6: Herufi moja

Karibu kila seli yako ina kitabu kizima cha vinasaba. Seli ya ini ina maelekezo ya kutengeneza macho, na seli ya jicho ina maelekezo ya kutengeneza nyongo. Tofauti ni ukurasa gani umefunguliwa. Kinachoamua ni swichi, vipande vifupi vya DNA vilivyokaa mbele ya jeni. Na vidole vinavyobonyeza swichi hizo ni protini nyingine. Yaani protini zinaamua protini zipi zitengenezwe.

Kwa seli nyekundu, kidole kikuu kinaitwa GATA1. Kinatembea kwenye DNA kikitafuta sehemu yenye mpangilio wa herufi zinazofanana na jina lake, kinashika, na jeni inawaka.

Mwaka 1995, huko Paris, Christophe Tournamille na wenzake walisoma swichi ya jeni ya Duffy kwa watu walio Duffy hasi. Jeni yenyewe ilikuwa nzima. Lakini mbele yake, pale pale GATA1 inaposhika, herufi moja ilikuwa imebadilika. T imekuwa C. Herufi moja kati ya bilioni tatu. GATA1 inafika, haitambui mahali pake, inapita. Taa haiwaki.

Fumbo likafunguka. Seli za ukuta wa mishipa haziwashi jeni hii kwa kidole hicho, kwa hiyo kwao taa iliendelea kuwaka. Kwenye ukoo wa seli nyekundu tu ndiko giza lilipoingia. Mwili haukupoteza protini yake. Uliizima mahali ambapo mwizi alikuwa anaitumia, ukaiacha kwingine kote.

Wenzangu mnaoongezea damu watoto wa selimundu, hili lina maana kazini. Mgonjwa aliye Duffy hasi kwa herufi hii kwa kawaida hatengenezi kingamwili dhidi ya Fyb hata akipewa damu yenye Fyb, kwa sababu mwili wake unaijua tayari kutoka kwenye mishipa.

Herufi hiyo C ilienea Afrika kwa makumi ya maelfu ya miaka, mpaka leo katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi na ya Kati karibu kila mtu anayo. Afrika Mashariki pia ni wengi sana, ingawa ukipanda Ethiopia wanapungua, na ndiyo sababu vivax ipo sana huko. Ng'ambo ya bahari, Yemen, Oman na Ghuba, nako ipo kwa wingi. Damu haikuuliza pasipoti.

Ila msije mkajivuna mkaacha chandarua! Kwanza, Duffy hasi haizuii *falciparum*, na hiyo ndiyo inayoua watoto wetu. Pili, mwaka 2006 waliripotiwa watu wa magharibi ya Kenya wasio na Duffy ambako vivax ilionekana kupita, na mwaka 2010 Madagaska ikaleta ushahidi mzito zaidi. Mwizi anajifunza kufungua dirisha.

SEHEMU YA 7: Askari wako wapi?

Sasa turudi kwa mama yangu na namba yake 1,300.

Mwaka 2008 na 2009, makundi ya watafiti wakiwemo Michael Nalls na David Reich walichukua damu za maelfu ya Wamarekani weusi. Wamarekani weusi wengi wana mababu wa Afrika na wa Ulaya, kwa hiyo kromosomu zao ni kama kitenge kilichoungwa vipande. Wakauliza: ni kipande gani cha Kiafrika kinachoendana na nyutrofili kuwa chache? Jibu lilielekeza sehemu moja tu, kwenye kromosomu ya kwanza. Anwani ile ile ya Donahue. Jeni ya Duffy. Herufi ile ile, C. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye nyutrofili zake zinakuwa chini.

Fikirieni jambo hili. Forbes mwaka 1941, Shaper mwaka 1971, wagonjwa wa Florida mwaka 1933, Bwana Duffy mwaka 1950. Wote walikuwa wameshika ncha za kamba moja.

Lakini kwa nini? Protini inayokosekana kwenye seli nyekundu inapunguzaje seli nyeupe? Mwaka 2017, Johan Duchene, Antal Rot na wenzao walitoa jibu zuri. Waliangalia ndani ya uboho, kiwandani. Pale seli changa za ukoo mwekundu, ambazo bado zina kiini, zina Duffy nyingi, na zinakaa bega kwa bega na seli mama zinazozaa aina zote za damu. Ujirani huo unaathiri watoto watakavyokuwa. Duffy ikikosekana kwa majirani hao, seli mama zinazaa nyutrofili zenye tabia tofauti kidogo. Alama juu ya ngozi zao ni tofauti, na zinatoka kwenye damu kwa wepesi zaidi, zinahamia kwenye bandama na tishu.

Umeelewa? Askari hawajapungua kwa maana tuliyoidhani. Wametoka barabarani, wako majumbani. Sisi tulikuwa tunasimama barabarani tunahesabu, tunasema kijiji hiki hakina ulinzi.

Na maisha yenyewe yanathibitisha. Watu wenye hali hii hawaonekani kupata maambukizi ya bakteria zaidi ya wengine. Kama ile 1,300 ingekuwa upungufu wa kweli, bibi zetu wangekwisha zamani.

SEHEMU YA 8: Gharama, na la kufanya

Sasa utaniuliza, nesi, hii yote inanisaidia nini?

Inakusaidia kwa sababu namba isiyo yako ina gharama. Kemo inaahirishwa au dozi inapunguzwa kwa mtu ambaye uboho wake ni mzima. Kuna dawa ya magonjwa ya akili inaitwa klozapini, inayosaidia pale nyingine zimeshindwa, lakini inahitaji kuangalia nyutrofili kwa sababu mara chache inaziua kweli. Kwa miaka mingi watu weusi walinyimwa au walisimamishwa dawa hiyo kwa namba zao za kuzaliwa. Mwaka 2015 tu ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipowawekea kiwango chao, kuanzia 1,000 badala ya 1,500.

Kuna pia majaribio ya dawa mpya na chanjo. Ukitaka kushiriki unapimwa, na namba ikiwa chini unaondolewa. Halafu dawa inatoka bila kujaribiwa kwa watu kama sisi. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya watu wazima wenye afya kutoka Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Walipowapima kwa jedwali la Marekani, zaidi ya theluthi moja ya watu hao wazima wangeandikwa kwamba wana tatizo. Mbeya na Kericho nako viwango vya watu wa pale vilishachapishwa mwaka 2008. Yaani namba zetu zipo. Kazi ni kuziingiza kwenye mashine na kwenye vichwa vyetu.

Hata jina linabishaniwa. Kitabuni inaitwa upungufu wa nyutrofili wa kikabila usio na madhara. Miaka ya karibuni wataalamu wameanza kulikataa, wakisema mtu mzima hana "upungufu", na kabila siyo sababu. Sababu ni herufi moja kwenye swichi moja, na Muomani anaweza kuwa nayo huku Mwafrika fulani hana. Wanataka iitwe kwa jina lake: kiwango cha nyutrofili cha mtu asiye na Duffy.

Kwa hiyo, msomaji wangu, shika haya.

Moja. Tunza karatasi zako za FBP, hasa za wakati ulikuwa mzima. Daktari akiona umekuwa 1,300 kwa miaka kumi, anasoma habari nyingine kabisa kuliko akiona 1,300 baada ya kuwa 4,000. Kushuka ndiyo kengele.

Mbili. Ukiambiwa nyutrofili ziko chini, uliza kwa heshima: "Daktari, je, inaweza kuwa ndiyo kawaida yangu? Kuna kipimo cha Duffy?" Benki nyingine za damu wanaweza kukipima. Uamuzi ni wa daktari, lakini swali ni haki yako.

Tatu, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: si kila nyutrofili chache ni Duffy. Dawa, magonjwa ya uboho, maambukizi, yote yanaweza kuzishusha. Na kama uko kwenye kemo ukapata homa, usikae nyumbani ukasema "nesi wa mtandaoni alisema ni kawaida yetu." Njoo hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Nimalizie na mama. Safari ya nne alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake, katikati ya kadi za kliniki za watoto wake, kulikuwa na karatasi ya damu ya miaka mingi nyuma, kabla hajaugua. Daktari bingwa aliyekuwa zamu siku hiyo akaisoma, akaniuliza, "Sista, umeiona hii?" Nyutrofili 1,250. Akanyamaza kidogo, akasema tuanze. Mama akapata dawa mchana ule, na ni mimi niliyemtundikia dripu.

Sikujua nimwambie nini. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, nilikuchelewesha." Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa najua siumwi damu. Ila nyie ndio mna karatasi."

Karatasi tunazo. Tujue ziliandikwa kwa damu ya nani.

Kesho niko zamu ya usiku, maswali nitayajibu asubuhi nikitoka.